Programu Isiyo na Haya

Umeme wa Kadutu hurudi saa saba usiku,
bila hodi, kama mume mlevi.
Naamshwa na friji ya jirani ikianza kukoroma.
Nachomeka kompyuta, nachomeka simu tatu za majaribio
(mbili zimepasuka vioo),
na kabla maji ya chai hayajachemka
nimeandika mistari kumi, nimefuta tisa.

Mtandao naupata kwenye kona ya dirisha tu,
upande unaotazama Ruzizi.
Siku nyingine simu inanikaribisha Rwanda
nami sijavuka hata mfereji wa mtaa wetu.

Ofisi yangu ni kitanda. Bosi wangu ni mimi,
na sijaona bosi anayedaiwa dukani kama huyu.
Watu wa kanisa wakimuuliza mama,
"Nsimire anafanya kazi gani?"
hujibu, "Anatengeneza simu."
Basi Jumapili naletewa simu zilizotumbukia ndooni.
Nazifukia kwenye mchele, napokea franga elfu mbili,
nanunua megabaiti.

Programu yenyewe ni ya likilimba.
Akina mama ishirini na mmoja:
sambaza, lengalenga, makala, unga wa muhogo.
Kila Jumamosi wote wanaweka, mmoja anachukua.
Daftari lao lililowa mwezi wa nne
kilima kiliposhuka na nusu ya nyumba ya Mama Nabintu,
mtunza hazina. Wino ukawa tope.
Wiki tatu wakabishana nani amekula.
Ndipo nikajitia kimbelembele:
nitawaandikia daftari lisilolowa.

Miezi mitano.
Majina, zamu, tarehe, kengele.
Anayechelewa, jina lake linageuka jekundu.
Niliipenda nyekundu ile. Niliichagua usiku mzima
kama anayechagua kitenge cha harusi.

Jumamosi ya kwanza ikaenda. Ya pili pia.
Ya tatu, simu zote zikalia pamoja:
MAMA CIBALONZA HAJALIPA.
Zikalia saa nne. Zikalia saa tano.
Zikalia saa sita kamili,
wanaume wakishusha sanduku fupi
(mwanawe, miaka sita, malaria),
na ndani ya kitenge cha Mama Cibalonza mwenyewe
sauti ikamwambia kwa adabu, kwa Kiswahili sanifu:
Ndugu mwanachama, unakumbushwa.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.
Mama Nabintu alipanda ngazi zetu za udongo,
akaketi kitandani, yaani ofisini,
akaiweka simu juu ya shuka, kifudifudi.
"Binti, hii yako inatushinda kuhesabu.
Lakini haina haya.
Daftari lilikuwa linajua kunyamaza."

Nikamuuliza, linanyamaza vipi?

"Ninaandika jina, halafu naacha nafasi.
Kila mtu akiiona ile nafasi, anajua."

Nafasi.
Kwa sisi tunaoandika programu, nafasi tupu ni kosa.
Ukisahau kuijaza, kila kitu kinaanguka.
Nimejifunza njia sita za kuikwepa
na hakuna hata moja ya kuiheshimu.

Usiku ule umeme haukuja.
Niliandika kwa asilimia kumi na nane ya batiri,
mwanga wa kioo nimeufifisha hadi macho yakauma.
Nikang'oa nyekundu.
Nikaweka kitufe kimoja, hakina rangi,
kina neno moja: Tunajua.
Wawili wakikibonyeza, kengele inakoma,
zamu inasogea tu,
watu wanavyosogea kwenye benchi bila kuambiwa.

Asubuhi, pale dirishani, Rwanda ikinikaribisha,
nilituma toleo jipya.
Pana kisanduku kinachouliza: nini kimebadilika?
Niliandika wanachoandika wote:
Tumerekebisha kasoro ndogo.

Mchana nikafungua kuangalia.
Jina la Mama Cibalonza, mbele yake peupe.
Kitufe kimebonyezwa mara ishirini.

Wawili wangetosha.